Nafasi ya Kushoto kwa Bibi Harusi

*6 Januari*

Bibi yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa kwenye kaunta ya duka la dawa, wateja hakuna, mvua imewafungia makwao. Mimi mzima, ila kikohozi changu cha zamani kimenikumbuka. Mwenzangu naye mzima, anakusalimu. Bado anatengeneza mafriji ya watu huku letu halipoozi hata maji. Magoti yako yanasemaje? Na Fundi anayekuandikia barua, mwambie lile gauni alilonishonea halijaachia hata uzi mmoja.

Bibi, harusi ni mwezi wa nane kama ulivyoambiwa. Sasa tumefika kwenye picha. Mpiga picha tuliyempata ni mtu makini, hacheki ovyo. Alitukalisha akatuuliza kila kitu: jua litakuwa upande gani wakati wa kutoka, nani asimame na nani, nani haongei na nani asije akawaweka bega kwa bega. Kisha akasema, "Picha ya kwanza kabisa, bibi harusi na mama yake. Mama atawahi kufika?"

Mwenzangu akanitazama. Nikasema mama alifariki nikiwa na miaka minne. Mpiga picha akanipa pole, halafu akasema hilo lina dawa. Nikimpa picha yoyote ya mama, hata ndogo, hata iliyochanika, anaweza kumtoa humo akamsimamisha kando yangu, mtu asijue kama hakuwepo. Tangu siku hiyo jambo hilo halinitoki kichwani.

Bibi, mimi sura yake siikumbuki. Nakumbuka mlio wa viatu vyake sakafuni, basi. Nina zile picha tatu za utoto ulizonipa nilipohama, lakini zote niko peke yangu, na aliyepiga hakujua kupima. Niko pembeni kabisa, nusu ya picha ni ukuta mtupu.

Kuna ajabu nyingine. Tulipiga picha za majaribio. Mpiga picha akaniambia, "Dada, tulia basi, kila nikitaka kupiga unahama kulia." Akanionyesha. Ni kweli, Bibi. Katika kila picha nimeacha nafasi ya mtu mmoja upande wangu wa kushoto. Mwenzangu yuko kulia, nimembana mpaka anakaribia kuanguka. Sikujua kama nafanya hivyo.

Una picha yoyote ya mama? Na wewe siku hiyo lazima upigwe. Usianze visingizio.

Mjukuu wako,
Chiriku

*2 Februari*

Chiriku, mke mwenzangu,

Marahaba. Fundi anaandika ninavyosema, nimemkataza kupamba. Ukiona maneno matamu ujue ni ya kwake. Magoti ni yale yale, la kushoto linatabiri mvua, la kulia linabisha. Kazi imepungua, watu wamenunua mashine za kufulia, siku hizi wananiletea mashati meupe tu, yale yaliyoishinda mashine. Kwa kikohozi hicho, jifunge kanga kifuani. Unauza dawa huku unakohoa, wateja wakuamini vipi? Na mume wetu mwambie atengeneze friji la nyumbani kwake kabla hajaoa.

Sasa hayo ya picha. Huyo mtu wako makini mwambie aliyekufa hasimamishwi harusini kama kabati. Amtoe wapi amtie wapi? Mwanangu si wa kukatwa na mkasi.

Picha yake sina. Mama yako alikuwa mpiga picha wa harusi za watu, kwa yule mwenye studio nyuma ya posta. Mpiga picha yuko nyuma ya kamera, atapigwa na nani? Mabibi harusi wa mji mzima wamepita machoni mwake, kuta za watu zimejaa kazi yake, mwenyewe hayumo hata kwenye mmoja. Mimi pia sipigwi. Nimepigwa na jua, nimepigwa na baridi, nimepigwa na maisha. Picha sipigwi.

Kilichobaki ni ukanda wa kamera, ule unaonasa picha. Homa ile ilipomchukua, mwenye studio alikuja kufuata kamera yake. Akatoa ukanda uliokuwa ndani, umejiviringisha kwenye kikopo chake, akanipa. Akasema, "Mama, huu ni wa nyumbani kwenu, hauna harusi ya mtu. Ila haujasafishwa." Haujasafishwa! Udongo wa kaburi haujakauka, mtu ananiambia kitu cha mwanangu kichafu. Tena ananiambia mimi, dobi! Nilimtoa na ndara mkononi.

Ukanda uko kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati. Naupangusa vumbi, siufungui. Ukiwa umefungwa naona kama bado yuko kazini, amechelewa tu.

Hiyo nafasi ya kushoto iache kama ilivyo. Usiulize.

Bibi yako

*14 Februari*

Bibi,

Shikamoo mara mbili, moja ya jana. Kikohozi kimepona, mwenzangu mzima, friji limekufa kabisa. Salamu nimemaliza, sasa nisikilize.

Miaka yote hii nimefagia chini ya kabati lile, kumbe kuna ukanda juu yake! Bibi, inawezekana sura yake imo humo. Nimemwuliza mpiga picha. Anasema ukanda wa zamani kiasi hicho huwa umechoka, lakini ukiwa umekaa vizuri kwenye kopo lake bado kuna tumaini. Ila lazima usafishwe kwanza. Yule mwenye studio hakukutukana, ndivyo ilivyo: usiposafishwa hakuna kitakachoonekana, hata ukikaa miaka mia. Ukisafishwa ndipo sura inatokea.

Nakuomba, Bibi. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Usafishwe, nimwone mara moja.

Na ile nafasi, kwa nini nisiulize?

Chiriku

*21 Machi*

Chiriku wangu,

Nimefurahi kikohozi kimekuacha. Huku tuko wazima, mvua imetuharibia wiki nzima, nguo za watu nimezianika chumbani nikalala kati ya mashati kama niko kwenye mkutano wa wanaume. Fundi amepata cherehani mpya, haongei na mtu.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nalizunguka lile kopo. Naligusa, naliacha. Umesema lazima usafishwe. Haya. Lakini sikutaka mikono ya mtu nisiyemjua. Mwanangu nilimwogesha siku aliyozaliwa, na siku ya mwisho nilimwosha mwenyewe, sikumwachia mwanamke mwingine hata kidole. Nitashindwa ukanda?

Nilikaa mlangoni mchana kweupe nipate kuona vizuri, nikafungua kikopo kwa kisu. Ukatoka mrefu, unajikunja kama unaona aibu. Ulikuwa na utando wa kijivu, mzito, kama maziwa yaliyolala. Nikajua ndio uchafu wenyewe aliousema yule bwana. Nikatumia maji ya vuguvugu na sabuni ya mche, ya unga inakwaruza. Ukawa mbishi. Nikaongeza magadi kidogo. Nikasugua kwa kidole gumba, polepole, kama unavyotoa doa kwenye kola ya mtu unayempenda. Maji yakawa kama wino. Nikamwaga, nikatia mengine, nikasugua tena mpaka utando ukabanduka wote. Sasa umetakata. Ukiuinua dirishani unaona mpaka nyumba ya jirani. Nimeuanika kivulini usipauke.

Sura sijaiona, lakini macho yangu ni ya kizee. Wewe utaiona.

Fundi ameacha kuandika. Ameshika kalamu, ananitazama. Nimemwambia endelea, chai inapoa.

Ukanda umo ndani ya bahasha hii, nimeufunga kwenye leso nyeupe. Uniambie umeuonaje.

Bibi yako

*4 Mei*

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumai hujambo na magoti yamepoa. Sisi wazima. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi.

Ukanda umefika. Asante sana, Bibi. Umeufunga vizuri sana.

Picha ya mama tumeamua tuiache, mpiga picha ana mambo mengi siku hiyo. Ni sawa tu. Ukumbi tumeupata, una madirisha makubwa na sakafu ya mbao. Asante tena kwa leso.

Mjukuu wako

*19 Mei*

Chiriku,

Huku wazima. Nguo zipo, jua lipo.

Nimefua nguo za watu maisha yangu yote. Mtu akija kuchukua shati lake, akaniambia asante bila kulikunjua, najua nimeliunguza. Na barua yako hukuiandika jina lako, umeandika "mjukuu wako" kama mtu wa ofisini.

Nikamgeukia Fundi, nikamwambia sema. Akasema, "Mama, mimi sitaki." Nikamwambia sema, au naenda kuikalia hiyo cherehani yako mpya. Ndipo akasema. Kusafisha picha si kufua. Ni dawa za watu wa studio, ni chumba cha giza, mwanga hauruhusiwi hata wa ufa wa mlango. Akasema picha ilikuwa kwenye ule utando.

Kumbe ule utando ndio alikuwa yeye.

Hapo niliwaacha, Fundi na kalamu yake. Barua hii tumeianza Jumatatu, leo ndiyo nimeweza kurudi. Maji yale niliyamwaga kwenye mfereji wa nyuma. Siku hizi sipiti huko, nazunguka nyumba nzima kwenda kambani. Nikisugua kola ya mtu, maji yakianza kuwa meusi, natoa mkono. Wateja wanauliza kwa nini mashati yao yanarudi na alama shingoni. Nawaambia shingo zenu chafu.

Sasa nitakujibu ulilouliza.

Ile kamera ilikuwa na kidude. Ukikivuta inalia tik tik tik, unapata nafasi ya kukimbia ukakae, halafu inapiga yenyewe. Harusi ya watu ikiisha na ukanda umebakiza picha moja, mama yako anakuja nayo nyumbani. Anakuweka ukutani, anagusa upande wako wa kushoto, anasema, "Mwachie Mama nafasi hapa." Anavuta kidude, anakimbia. Kamera ilikuwa mbovu, haikumsubiri. Chak! Yeye bado yuko katikati ya sakafu, kiatu kimemtoka. Anacheka mpaka anakaa chini. Anasema, "Safari nyingine nitafika."

Hizo picha zako tatu hazikupimwa vibaya. Alikuwa anakuja. Na wewe mpaka leo unamwachia nafasi.

Sikukuambia kwa sababu nilijua ukishajua utakuwa unageuka kushoto kila saa, kama mimi ninavyogeuka.

Na ukanda ule, huo aliununua kwa hela yake, wa nyumbani tu. Siku hiyo nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni. Akavuta kidude, akakimbia, akafika. Akakukumbatia, akatazama mbele, akatulia, ndipo ikapiga. Akapiga kelele, "Mama, nimefika!" kama mtu aliyepata kazi serikalini. Wiki ile ile ikaja homa.

Hiyo ndiyo niliyoisugua.

Sikuambii unisamehe, neno hilo dogo, halinitoshi. Nakuambia ujue: picha haipo, lakini alifika. Nilimwona mimi.

Harusini siji. Nitakushika kwa mikono ipi?

Bibi yako

*8 Juni*

Bibi,

Shikamoo. Nina jambo, na hasira ninazo, na nimeandika jina langu hapo chini kabisa, uangalie.

Nilikuficha. Siku ukanda ulipofika mpiga picha aliuinua dirishani, akasema, "Dada, hapa hamna kitu." Nikamnyang'anya. Nililia mpaka mwenzangu akaenda kukaa nje. Nilikukasirikia, sitakudanganya, wiki kadhaa sikutaka hata kunusa sabuni ya mche. Halafu nikaichukua nakala ya ile barua yangu ya Februari, niliyoanza vibaya nikaiacha, nikaisoma. Ni mimi niliyeandika "usafishwe," tena mara nne, kwa mwanamke aliyefua maisha yake yote. Hapa dukani mgonjwa hatumwambii "meza" tukanyamaza, tunamwambia meza na maji, meza baada ya kula. Wewe sikukueleza chochote. Nilikuwa na haraka ya kumwona.

Kwa hiyo usinibebee peke yako kitu ambacho mpini mwingine nimeushika mimi.

Na Bibi, nimezitazama upya zile picha tatu. Kwenye moja, chini kabisa, kuna kitu cheusi sakafuni. Miaka yote nilidhani ni doa. Ni kiatu. Kiko peke yake katikati ya sakafu, kimelala ubavu. Nimekitazama mpaka mteja akanigongea kaunta.

Sasa mpango. Nimezungumza na mpiga picha. Kamera yake nayo inaweza kujipiga yenyewe. Picha ya kwanza ya harusi haitapigwa na mtu. Nitasimama ukutani, nitaacha nafasi kushoto, kamera itaanza kulia. Wa kukimbia ni wewe. Usipokuja, nafasi itabaki hivyo hivyo mbele ya wageni wote, nami nitawatangazia ni ya nani aliyekataa.

Mjukuu wako,
CHIRIKU

*25 Juni*

Chiriku,

Salamu zimefika, na matusi yamefika. Huku tuko wazima, Fundi ana mafua.

Wewe ni mtoto mbaya, nilikulea vibaya. Kukimbia sikimbii, mimi si mbuzi. Nitatembea kama mtu mwenye akili zake, kamera isubiri. Fundi ananishonea gauni na amenichagulia viatu vyeusi, vinapwaya kidogo kisigino. Huyo mpiga picha asithubutu kunipaka kitu usoni.

Sijasema nakuja. Nimesema gauni.

Bibi yako

*12 Septemba*

Bibi yangu,

Shikamoo. Tumerudi kazini wote wawili. Mume wako anakusalimu, anasema mgongo bado unamuuma kwa ulivyomkumbatia. Friji limepona, kalitengeneza siku ya tatu ya ndoa, nadhani alikuogopa.

Nakutumia picha tano. Nne ni nzuri, zimetulia, kila mtu ana macho. Ya tano ni ile ya kwanza. Mpiga picha alitaka kuifuta, anasema imeharibika, kuna mtu ametikisika. Nikamwambia akiifuta nitamfuta yeye. Sisemi chochote juu yake. Itazame mwenyewe.

Chiriku

*30 Septemba*

Chiriku, mke mwenzangu,

Marahaba. Huku wazima, mafua ya Fundi yameisha yamehamia kwangu. Mume wetu mwambie mgongo huo bado mdogo, ataujua watoto wakija. Mashati nasugua tena, mpaka maji meusi, sitoi mkono. Jana nimepita kwenye mfereji wa nyuma. Nilisimama kidogo, nikapita.

Picha zile nne nimempa Fundi aweke dukani, wateja waone gauni. Ya tano nimekaa nayo.

Nakumbuka vizuri siku ile. Niliinuka kitini taratibu kama nilivyokuambia. Mashine ikaanza kulia. Nikapiga hatua moja. Halafu nikasikia viatu vinakimbia kwenye mbao, kwa nguvu, nikageuza kichwa nione ni nani anayekimbia ukumbini mtu akiwa anapigwa picha. Sikumwona mtu. Nikashtukia niko kando yako, nimekushika, watu wanapiga makofi. Sikukuambia, nilidhani ni uzee.

Sasa naitazama. Uko ukutani, umeacha nafasi. Kuna mtu anaingia hapo kutoka kushoto. Mwili umevurugika wote kama moshi, uso hauonekani una macho wapi, lakini kinywa kinaonekana kimefunguka, anacheka au anaita. Kilichotulia ni mkono mmoja tu, umeshafika begani kwako, mpaka kidole gumba unakiona. Na katikati ya sakafu kuna kiatu cheusi, kimelala ubavu.

Ikuze hiyo. Usikate popote. Itundike mahali unapopita kila siku.

Fundi ananicheka. Anasema, "Mama, usijitie wazimu, huyu ni wewe, kiatu hicho nilikuchagulia mimi kwa mikono yangu." Sikatai. Kiatu ni changu. Gauni ni langu, na mkono ni wangu, ningeujua hata gizani. Lakini magoti haya miaka yote hii hayajakimbia hata mvua ikizikuta nguo za watu kambani.

Mbio zile si zangu.

Bibi yako